Friji ya gari la kambi haigandishi? Angalia kwanza inakula nini

Ndugu zangu madereva wa watalii, na nyie wenye kampa na karavani (magari na trela za kulala) zinazoingia Uganda kupitia mipaka ya Busia, Malaba, Mutukula au Katuna, leo naandika kuhusu friji. Kila msimu ni ile ile, mtu anafika Jinja au Entebbe analalamika friji imekufa, nyama imeharibika, maziwa yameganda kama mtindi, na anataka fundi wa kujaza gesi. Mara nyingi sana friji yenyewe ni nzima kabisa. Shida iko kwenye kile inacholishwa, ama ni umeme mdogo, ama moto mchafu, ama joto la nyuma halina pa kutokea. Kwa hiyo swali la kwanza usiulize friji ina ugonjwa gani, uliza sasa hivi inakula nini na inakula ya kutosha?

Kwanza ujue unayo friji ipi, maana ziko aina mbili na dawa zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ile ya njia tatu, inatumia gesi ya kupikia, umeme wa ukutani na 12V ya gari. Hii haina kompresa (ile mota ya kusukuma gesi), ukiweka sikio husikii kitu, na ukifungua kile kiwambo cha nje ya gari utaona bomba jeusi, kichomeo kidogo chini na kama kabomba ka moshi kanakopanda juu. Ndani yake kuna mchanganyiko wa amonia, maji na haidrojeni, umefungwa moja kwa moja kiwandani. Joto linachemsha ule mchanganyiko, amonia inapanda, inapoa juu inakuwa maji maji, inashuka ndani ya friji inanyonya joto la chakula, alafu inarudi chini kuanza upya. Hii akili ni ya Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, tangu 1922, na mpaka leo haijabadilika sana. Kitu cha kushika hapo ni kwamba friji hii inaendeshwa na JOTO. Joto likiwa dogo, baridi nayo inakuwa ndogo.

Ya pili ni ya kompresa, zile za kifuniko cha juu ambazo Land Cruiser nyingi za kukodi hapa Uganda zinabeba nyuma, Engel, National Luna, ARB, Dometic na wenzake. Hii inavuma kidogo, inawaka na kuzima, haijali sana kama gari limeinama na haitaki moto wowote. Yenyewe inachotaka ni volti.

Sasa twende dalili moja moja.

INAPOZA VIZURI KAMBINI LAKINI BARABARANI INAKUFA

Hii ni ya njia tatu, na ndo malalamiko namba moja. Umelala Kampala friji iko kwenye umeme, asubuhi umebadilisha swichi ukaweka 12V, ukafika Murchison jioni maji ni ya vuguvugu.

Elewa kwanza kwamba ile hita ya 12V inakula kati ya wati 120 na 170, yaani ampea 10 mpaka 14 bila kupumzika, muda wote. Ni mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Na hata ikipata zote, watengenezaji waliweka 12V kwa ajili ya KUTUNZA baridi iliyopo, sio kupoza kitu cha moto. Ukipakia kreti ya soda za moto asubuhi alafu ukategemea 12V ipoze mpaka jioni umejidanganya. Friji ya njia tatu inahitaji karibu usiku mzima kushuka kutoka joto la kawaida, so iwashe siku moja kabla ya safari kwenye umeme au gesi, na pakia vitu ambavyo tayari vina baridi.

Ukishajua hilo, pima. Chukua mita ya kupimia volti, injini inanguruma, weka kwenye betri utaona kama 13.8 au 14 hivi. Alafu nenda nyuma ya friji, pima pale pale waya unapoingia kwenye friji wakati hita inafanya kazi, sio wakati imezimwa, maana ukipima bila mzigo waya mbovu naye atakuonyesha 13 nzuri tu. Tofauti ikizidi nusu volti au moja, umempata mwizi.

Mwizi ni waya mwembamba. Hesabu ni rahisi, betri iko mbele na friji iko nyuma, kwenda mita 6 na kurudi mita 6 ni mita 12 za shaba. Waya wa milimita 1.5 za mraba ukipitisha ampea 14 hapo unapoteza karibu volti 2 njiani. Ongeza fyuzi iliyoshika kutu, ongeza erth (waya hasi wa kurudi kwenye betri) iliyofungwa kwenye bati lenye rangi, ongeza plagi ya trela iliyolegea na vumbi la Karamoja, ukifika kwenye hita umebaki na 10. Na hita ya 12V ukiipa 10 haipungui kidogo tu, nguvu inashuka kwa mraba, unabaki chini ya asilimia 70 ya joto. Hapo ndo inapoacha kupoza. Waya uleule ukiwa wa milimita 6 unapoteza nusu volti tu. Nunua waya mzito wa shaba halisi, uwe makini pale sokoni Kisekka na kwingine maana kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, ukwangue na kisu uone ndani ni mweupe au mwekundu. Erth nayo ipeleke mpaka kwenye betri, usitegemee bodi.

Na tafadhali, friji ya njia tatu usiichomeke kwenye ile soketi ya kuwashia sigara. Ampea 14 mfululizo pale ni kuyeyusha plagi. Nimeziona nyingi zimekuwa nyeusi.

Kingine, gari nyingi za Ulaya zina rilei, yaani swichi inayojiwasha yenyewe kwa umeme, inayoruhusu umeme wa friji injini ikiwa imewaka tu. Rilei ikifa au waya wake mdogo wa ishara ukikatika, taa ya friji itawaka vizuri, kila kitu kitaonekana sawa, lakini hita haipati kitu. Isikilize ikipiga "tak" wakati wa kuwasha gari, au pima kwenye mguu wa kutokea. Na kama mtu alishaiunganisha moja kwa moja bila rilei basi ukisimama saa tatu nne kula chakula na kuangalia mnyama, betri ya kustartia imekwisha na utatafuta wa kukusukuma.

GESI: HAIWAKI, AU INAWAKA ALAFU INAZIMA

Umebadilisha mtungi? Basi mpira wa gesi una hewa. Bonyeza kile kitufe ukishikilie, washa cheche, rudia mara kadhaa kwa utulivu. Kama una jiko kwenye gari hilo hilo washa jiko kwanza, likiwaka vizuri unajua gesi inafika na regulata (kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza presha) iko sawa, na shida imebaki kwenye friji peke yake. Hii njia ya kutumia jiko kama shahidi inaokoa muda sana.

Moto unawaka ukishikilia kitufe, ukiachia unakufa: hiyo ni themokapo. Ni kile kijiti cha shaba ambacho ncha yake inakaa ndani ya moto, kikipata joto kinatengeneza umeme kidogo sana wa milivolti, na huo ndo unashika valvu ya usalama iwe wazi. Kwanza shikilia muda wa kutosha, nusu dakika nzima. Ikikataa angalia ncha kama iko ndani ya moto kweli au imesogea kwa matuta ya barabara, ipanguse masizi kwa kitambaa au msasa laini, kaza nati yake upande wa valvu kwa vidole alafu robo tu ya spana. Bado? Badilisha, sio kitu cha bei. Lakini usije ukaifunga valvu kwa waya ibaki wazi ili moto usizime. Kuna mafundi wanafanya hivo na mteja anafurahi, siku upepo ukizima moto gesi itaendelea kumwagika ndani ya gari watu wamelala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, na inangoja cheche.

Moto ni wa njano na unatoa masizi: unataka moto wa bluu, mdogo, unaovuma. Njano inamaanisha hewa haitoshi au kichomeo ni kichafu. Hapa kwetu adui mkubwa ni wadudu. Gari likikaa miezi miwili bila kutumika, nyigu wanajenga udongo wao ndani ya kibomba cha kichomeo, buibui naye anaweka utando, na juu yake linakuja vumbi jekundu. Funga gesi, fungua kichomeo, puliza kwa hewa ya kompresa, piga brashi bomba la moshi kuanzia juu. Ile jeti yenye tundu dogo usichokonoe na sindano wala waya, ukiipanua hata kidogo moto hautakaa sawa tena, iloweke kwenye spiriti alafu ipulize.

Sasa regulata, hapa wageni wanateseka kweli. Mtu ametoka Ujerumani, Uingereza, Afrika Kusini au Marekani na mtungi wake wa nyumbani, anafika Uganda hakuna wa kumbadilishia kwa sababu kichwa cha mtungi ni tofauti. Anazunguka mji mzima. Suluhisho la kueleweka ni kununua mtungi wa hapa hapa, wa kilo 6 unatosha kabisa kwa sababu friji peke yake inakula kama gramu 300 kwa siku, mtungi mmoja unaenda wiki mbili mpaka tatu. Nunua pamoja na regulata yake ya hapa, alafu mpira wa gesi unaofaa uungane na bomba la gari. Lakini kabla ya kuunganisha soma kile kibati cha ndani ya friji kimeandikwa milibari ngapi, hicho ndo kipimo cha presha ya gesi. Nyingi za Ulaya ni 30, za zamani za Ujerumani ni 50, na za Marekani ni kama 27 au 28. Regulata ya jiko la kawaida la nyumbani inakaribia hapo kwenye 30. Zile regulata za presha kubwa ambazo wanatumia kwenye majiko makubwa ya mahoteli na ya kuchoma chapati, hizo hapana, hata kama muuzaji anaapa zinafaa.

Kila ukiunganisha, pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likitoa mapovu kuna uvujaji. Usijaribu kwa kiberiti.

Alafu kuna jambo la milima ambalo watu wengi hawalijui. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, Fort Portal kama 1,500, Kisoro na Kabale ni 1,900 mpaka 2,000. Hewa kule juu ni nyepesi, kichomeo kinapata gesi ile ile lakini oksijeni kidogo, moto unakuwa mvivu, unatoa njano, mara nyingine unakataa kushika. Watengenezaji wengi wanaonya kuhusu hili, za Marekani zinasema ukipita kama mita 1,700 hamia kwenye umeme. So kama friji inafanya kazi safi kwenye gesi Jinja alafu Bunyonyi inasumbua, usibadilishe vitu, tafuta kambi yenye umeme au usafishe kichomeo vizuri uone, na ukishuka Mbarara itarudi yenyewe.

Upepo nao unazima. Ziwani jioni upepo unapiga upande mmoja, geuza gari kile kiwambo kisitazame upepo. Wengine wanabandika tepu kwenye matundu ya kiwambo ili upepo usiingie, wanaziba na hewa ya kupozea pia, alafu moshi wenye kaboni monoksaidi unatafuta njia ya kuingia ndani. Usizibe.

Na kuhusu usalama barabarani mimi nina msimamo: gari likitembea gesi imefungwa kwenye mtungi. Ukiingia stesheni ya mafuta moto wa friji uwe umezimwa kabla hujafika kwenye pampu, kile ni kiberiti kinachowaka pembeni ya mvuke wa petroli. Vivyo hivyo kwenye feri, iwe ya Bukakata kwenda Ssese au MV Kalangala kutoka Nakiwogo, funga kabla ya kupanda.

KWENYE UMEME WA UKUTANI HAIPOZI

Uganda umeme ni 240V, hiyo ya kwenye karatasi. Kambini mwisho wa laini, jioni watu wote wamewasha heater na pasi, pima na mita utakuta 190, 180. Kanuni ni ile ile ya mraba, 180 badala ya 240 inakupa asilimia 56 ya joto. Friji ya njia tatu itajikokota tu. Usiku wa manane volti ikipanda inapona. Na zile ekstensheni nyembamba za mita 30 zinaongeza shida, pia ukiiacha imeviringwa inapata moto. Kama unaona chini ya 200 hamia kwenye gesi, mambo yaishe.

Hakuna joto kabisa kwenye umeme lakini kwenye gesi inapoza? Hita imekatika. Toa plagi, pima ukinzani wa hita: ya wati 125 kwenye 230V inasoma kama ohm 420, ya 12V inasoma ohm moja na kidogo tu. Ikisoma hakuna kitu, imekatika, unachomoa na kuingiza nyingine, zinatelezea kwenye kimfuko chake karibu na kichomeo. Ikiwa kila ukiwasha friji breka ya kambi (swichi ya usalama ya umeme) inaanguka, hita imepasuka na unyevu umeingia, usiendelee kurudisha breka.

Gari la Marekani ni kesi ya pekee. Lile ni la 120V. Mtu anatengeneza adapta ya plagi, inaingia kwenye ukuta vizuri, na hita ya 120 inapata 240, yaani nguvu mara nne, inaungua ndani ya muda mfupi na chaja ya betri inaenda nayo. Plagi kuingia sio ruhusa. Lazima kuwe na transfoma ya kushusha, na iwe na wati za kutosha kwa vyote vitakavyowaka pamoja.

NJIA ZOTE TATU ZINAWASHA, NYUMA KUNA MOTO, NDANI HAKUNA BARIDI

Hapa sasa tuko kwenye friji yenyewe, maana chakula inapata. Lakini bado usikimbilie kuhukumu.

Angalia kama gari limekaa sawa. Ule mchanganyiko unatembea kwa uzito wake tu, hauna pampu, na gari likiinama zaidi ya nyuzi 3 kwa upande au 6 mbele nyuma, maji yanatuama mahali yasipotakiwa na mzunguko unasimama. Na ikiendelea kuchemka hivo imeinama, zile chumvi za kuzuia kutu zinaweza kuganda ndani ya bomba na kuharibu moja kwa moja. Kambi nyingi za ukingoni mwa Nile na za Sipi ziko kwenye mteremko, so beba pima maji ndogo, iweke NDANI ya friji kwenye sakafu yake, sio kwenye bampa, alafu panda kwenye mbao au jiwe mpaka ikae sawa. Ukiwa unatembea haina shida, gari linayumba huku na huku na maji yanarudi.

Alafu hewa ya nyuma. Joto lote lililotolewa kwenye chakula pamoja na lile la hita linatokea mgongoni mwa friji, inatakiwa iingie hewa baridi chini na itoke ya moto juu. Ukikuta nyuma kuna tambara, kiota, au mtu aliweka friji mpya na kuacha nafasi kubwa ambayo hewa inazunguka bila kugusa zile nondo za juu, haitapoza. Feni ndogo ya kompyuta ya 12V ikiwekwa pale juu kusukuma hewa nje inasaidia mno, ni kitu cha bei ndogo na inakula umeme kidogo sana. Na kumbuka friji hizi uwezo wake ni kushusha kama nyuzi 20 mpaka 25 chini ya joto la nje, Pakwach saa nane mchana ikiwa ni 35 usitegemee nyuzi 4, hata ikiwa mpya kabisa. Paki ule upande wa friji uwe kivulini kuanzia mchana, yaani usitazame magharibi.

Umesawazisha, umepanua hewa, umengoja usiku mzima, bado? Nusa. Harufu kali ya amonia inayochoma macho, au madoa ya unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, hiyo ni uvujaji na safari ya friji hiyo imeisha. Zima kila kitu, fungua madirisha, usiwashe moto karibu, na ule unga wa njano usiushike kwa mkono, ni kemikali ya kuzuia kutu na ni sumu. Hapa ndo naomba mnisikie vizuri: mfumo huu HAUJAZWI gesi. Fundi wa friji za nyumbani anayesema ataichoma tundu, aweke valvu na kujaza ile gesi ya kompresa hajui kilichomo, mle ndani kuna haidrojeni kwa presha na yeye anakuja na moto wa kuchomelea. Inabadilishwa ile sehemu yote ya nyuma, au friji nzima.

Kama hakuna harufu wala doa, wako wanaoitoa friji wakaigeuza kichwa chini siku nzima, wakairudisha wima ikapumzika siku nyingine kabla ya kuwasha. Kwenye friji iliyoziba kwa kuwashwa ikiwa imeinama mara nyingine inaamka, mara nyingi haiamki, jaribu tu kama huna cha kupoteza.

YA KOMPRESA: INAWAKA SEKUNDE CHACHE INAZIMA, AU TAA INAMULIKA

Hesabu inavyomulika. Kwenye zile zinazotumia kompresa ya Danfoss, ambayo siku hizi inaitwa Secop, na ziko nyingi sana, taa inarudia kila sekunde 4. Mara moja ni volti ndogo. Mara mbili ni feni inavuta umeme mwingi, imeshika au ina shoti. Mara tatu kompresa imeshindwa kuanza, zima ungoje presha itulie. Mara nne inashindwa kushika mwendo, mzigo umezidi au joto limezidi. Mara tano kile kibodi cha elektroniki kimepata moto, karibu kila mara ni vumbi na hewa mbovu.

Inayokuja kila siku ni ile ya mara moja, volti. Na tena mtu anasema betri ni nzima, mbona inastartia gari. Betri inaweza kuwa na 12.2 lakini kompresa ikianza kuvuta, waya mwembamba na soketi ya sigara vinakula volti nzima, friji inaona 11 inajikinga, inazima. Ikizima volti inapanda, inawaka tena, inazima. Hiyo ngoma itapigwa usiku kucha. Tengeneza waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka betri, fyuzi karibu na betri, plagi inayofungika kwa nguvu ambayo haitachomoka ukipita zile barabara za mawimbi kwenda Ishasha. Friji nyingi za kubeba zina ngazi tatu za kujikinga: kama iko kwenye betri ya kustartia weka ya juu ili gari liwake asubuhi, kama ina betri yake ya pili ngazi ya kati inatosha.

Inazima saa tisa usiku kila siku? Hapo hesabu ya chakula haijibu. Friji ya lita 40 ikivuta ampea 4 na ikizunguka nusu ya muda, hiyo ni kama ampea-saa 48 (ampea 4 mara saa 12) kwa siku. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 unatumia salama nusu yake, yaani 50, umeshamaliza bado hujachaji simu. Betri ikiwa na miaka mitatu ya joto na kuchajiwa ovyo, ile 100 ni jina tu. Pima asubuhi kabla ya jua: betri ya asidi iliyopumzika ikiwa 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, ikifika 11.8 umeiumiza. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inakuruhusu kutumia asilimia 80 na zaidi, bei yake inauma ila kwa anayelala porini kila wiki inajilipa, isipokuwa usiifunge moja kwa moja kwenye altaneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka), weka chaja ya kati inayodhibiti.

Sola. Tuko kwenye ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kwa hiyo paneli ikilala flati juu ya paa inafanya kazi nzuri bila stendi yoyote. Wati 100 kwa siku nzuri inakupa kama ampea-saa 30 ya kweli, ambayo haitoshi hiyo 48 ya juu. Weka 200. Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, hasa kule Bwindi kwenye ukungu, hata hizo 200 zitalia, endesha gari au tafuta soketi. Na kivuli, jamani, tawi moja au mkanda wa mzigo ukikatisha paneli unaweza kuua nusu ya umeme wake. Tunapenda kupaki chini ya mwembe friji ipoe, sawa kabisa, basi paneli iwe ya kukunja uitoe juani kwa waya.

Friji ya 12V usiipitishie kwenye inveta eti ili utumie plagi ya 240. Inveta yenyewe inakula asilimia 10 au 15 bure, pamoja na ile inayokunywa ikiwa imewaka tu.

Kama volti iko sawa, inavuma muda wote na haigandishi, safisha kondensa (zile nondo zinazotoa joto nje) kwa brashi na hewa, angalia feni inazunguka, hakikisha hujaisukumiza kwenye pembe ya gari na mablanketi yamefunika matundu. Hapo ukifika na bado, ndo umwite fundi wa gesi ya friji, hii ya kompresa inajazwa kama nyingine, lakini atafute tundu kwanza ndo ajaze.

VIDOGO VINAVYOLA BARIDI

Mpira wa mlango: bana noti ya elfu moja ukifunga, ukiivuta ikitoka kirahisi panavuja. Barafu nene kwenye vile vibati vya ndani inazuia baridi, yeyusha, usikwangue na kisu. Ngege (samaki aina ya tilapia) mbichi aliyetoka ziwani weka kwenye mfuko wa plastiki na barafu mpaka friji ipate nafasi ya kumshika. Kipimajoto cha ndani ni lazima, nyama na maziwa vinataka nyuzi 5 kushuka chini, na kwa mguso wa mkono huwezi kujua kama ni 5 au 10.

UKITAKA KUBADILISHA KABISA

Kwa safari za hapa, za kuhama kila siku mbili kutoka bonde la joto mpaka milimani, mimi ningechagua kompresa, paneli ya 200 na betri ya pili. Haijali mteremko, haijali Kabale, haina moto. Ya njia tatu bado ni nzuri kwa anayekaa mahali pamoja wiki nzima, kimya kabisa usiku, na mtungi mmoja unamtosha.

Ukiitoa ile ya zamani, bomba la gesi lililobaki usilikunje wala kulifunga kwa tepu. Weka kifuniko cha shaba chenye nati, kaza, fungua mtungi, pakaa sabuni uhakikishe, alafu ziba na tundu la moshi lililobaki ukutani maana mvua ya Kampala itapita hapo siku ya kwanza.